Jua la Kuanikia Betri

Betri kubwa za redio zikipata jua zina harufu yake. Wa rika langu mnaijua. Ni harufu ya bati lililopata moto, ya karatasi na gundi, na ya kitu kingine chenye uchachu ambacho mpaka leo sijakipatia jina. Leo rimoti ya televisheni yangu imegoma, na kabla sijafikiri lolote nikajikuta nimechomoa vile vibetri vyake vyembamba nikavipanga dirishani, kwenye jua. Binti yangu akanikuta nimekiweka kimoja shavuni, nimefumba macho.

"Mama, unafanya nini?"

"Napima."

"Unapima nini?"

Machozi yakaanza kunitoka, mtu mzima mimi, na mvi zangu, nalia kwa ajili ya rimoti. Mtoto wa watu akaogopa, akavaa ndala akakimbilia dukani kununua betri mpya. Siku hizi ziko tele.

Basi wakati yeye yuko dukani, acheni niwaambie ninyi nilikuwa napima nini.

Tulikaa juu ya mji wa Lushoto, kwenye mteremko ulio chini ya msitu wa Magamba, mahali ambapo ukiangusha kabichi mlangoni kwako unakwenda kuliokota kwa jirani. Baba yangu, au tate kama tulivyomwita kwa Kishambaa, alikuwa mnoa misumeno kwenye kiwanda cha mbao cha serikali. Kutwa nzima alikaa kwenye kibanda chake na tupa mkononi, ananoa jino moja baada ya jingine, misumeno mirefu kuliko kitanda. Alirudi jioni amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Sikio lake moja lilishakufa kwa kelele za mashine, kwa hiyo redio aliisikiliza kichwa kikiwa upande, utadhani inamnong'oneza umbea.

Na redio yenyewe tuliiwasha kwa adabu, kwa sababu ya betri. Taarifa ya habari, basi. Matangazo ya vifo, basi. Lakini Jumapili mchana, tukishatoka kanisani na kula, hakuna aliyeuliza habari ya kubana betri, kwa sababu ulikuwa wakati wa Mzee Haiwezekani.

Hicho kilikuwa kipindi cha sayansi, ingawa asiyekijua angeapa ni vichekesho tu. Mzee Haiwezekani alikuwa mbishi wa kijiji fulani cha pwani, mtu asiyekubali kitu chochote chini ya jua. Tunu alikuwa mpwa wake, mwalimu, na kila wiki alikuwa na kazi ya kumwelewesha jambo moja. Kwa nini maji yachemshwe. Kwa nini radi inamulika kwanza ndipo ingurume. Ile ya dunia kuwa duara ndiyo iliyotumaliza mbavu. "Haiwezekani!" mzee akafoka. "Kama dunia ni duara, tena inazunguka, mbona chai yangu haimwagiki?" Baba akapiga goti kofi, akasema, "Huyu mzee hajafika kwetu. Aje huku Usambara aone chai inavyomwagika!"

Tunu alikuwa na subira ya ajabu. Alichemsha, alipima, alimimina, kitu kikalipuka, kuku wakakimbia wakipiga kelele, na mwisho mzee akibanwa kabisa hana pa kutokea alisema kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole: "Nimekubali! Lakini leo tu!" Hapo filimbi inalia, kipindi kimekwisha. Bibi Hadija, jirani yetu, ambaye kila Jumapili alikuja na kigoda chake kabisa, alifuta machozi kwa ncha ya kanga akasema, "Leo tu! Loo, marehemu mume wangu mtupu huyu."

Niwaeleze kitu kimoja, maana kitakuja kuwa na maana mbele. Nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa cha redio, cha shule na cha kanisani. Mambo yetu wenyewe tuliyasema kwa Kishambaa. Ukimsikia Baba anaongea Kiswahili ndani ya nyumba, tena kile cha kuvuta vuta cha pwani, ujue ameshakuwa Mzee Haiwezekani, na sisi tushaanza kucheka kabla hajafika popote.

Sasa betri. Wakati ule betri mpya ilikuwa kitu cha kuagizia mtu anayekwenda Tanga, na hata huko akirudi mikono mitupu hukumshangaa. Kwa hiyo tulianika. Kila nyumba ilianika, na kila nyumba ilikuwa na mtaalamu wake. Wapo waliozing'ata, wapo waliozigonga chini, wapo waliozitia kwenye majivu ya moto. Baba aliwadharau wote hao. Yeye alikuwa na jiwe lake pana mbele ya nyumba, karibu na mti wa plamu tuliofungia waya wa redio, na betri alizipanga pale asubuhi kabla ya ibada kisha tukirudi anazigeuza, upande huu na upande ule. Kuzipima alitumia shavu. Mkono wa mnoa misumeno, alisema, umeshakuwa gome, hausikii kitu. Shavu halidanganyi. Betri ikiwa na joto sawa na la shavu lako, hapo imeiva. Kazi ya kupima akaja akanipa mimi. Niliweka betri shavuni, nikafumba macho, nikipiga kelele "Tayari!" Baba anakuja mbio na redio kana kwamba nyumba inaungua. Mtoto gani asingejiona mkubwa?

Hata hivyo hazikudumu. Mara nyingi kipindi kilifika katikati sauti ikaanza kupungua, Tunu anaongea kama yuko kisimani, halafu kimya. Hapo Baba hakuruhusu mtu ainuke. Alimalizia yeye. Alikuwa mzee, mimi nikawa Tunu, na kisahani cha chai au kuku wa Mama vikawa vyombo vya maabara. Ndivyo nilivyopata jina la Tunu pale nyumbani. La ubatizo aliniita nikikosea tu.

Jumapili moja mada ikawa betri zenyewe. Mama yangu, tulivyofurahi! Mzee Haiwezekani alimkuta Tunu anaanika betri akaanza kupiga yowe. "Naanika mahindi, naanika dagaa, naanika suruali yangu. Betri nayo? Haiwezekani!" Tunu akamweleza kwamba ndani ya betri kuna kitu kama uji mzito. Ukipoa unalala, ukipata joto unaamka, nguvu inatembea. Baba akatutazama kwa fahari, kana kwamba ametajwa jina. Halafu Tunu akasema, "Lakini mjomba, sikiliza vizuri, kuna jambo moja." Na redio ikafa.

Bibi Hadija akacheka mpaka kigoda kikayumba. "Imeona haya kusemwa mbele ya watu!"

Baba akasafisha koo, akanichukua mkono, leo akataka yeye awe Tunu. "Jambo moja lenyewe ni hili, mjomba. Jua halina hiyana. Chochote kilichochoka wewe kianike, kigeuze, kisubiri. Kikipata moto kitaamka!" Nikajibu, "Haiwezekani!" Akachukua betri moja akaniwekea shavuni, akaninong'oneza kwamba nimebanwa. Nikapaza sauti, "Nimekubali! Lakini leo tu!" Wakapiga makofi wote, Mama naye akatoka jikoni na mwiko mkononi kupiga makofi.

Msinicheke. Nilikuwa mdogo, na mwisho wa redioni na mwisho alioutunga Baba vilikuwa kwangu kitu kimoja. Nililala nikijua kwamba sayansi imesema.

Baadaye mambo yakabadilika, yakabadilika kwa kasi. Ruksa, watu walisema, sasa kila kitu ruksa. Maduka ya Lushoto mjini yakajaa. Sabuni za kunukia, tambi, nguo za mitumba zenye vifungo vya ajabu, na betri, jamani, betri za kila rangi zimepangwa kwenye rafu mpaka juu. Ila ulipokuja wakati huo wa betri kujaa dukani ndipo na kiwanda kikapunguza watu, Baba akiwa miongoni mwao. Alirudi nyumbani na tupa yake moja na sufuria ya chakula, akaenda moja kwa moja shambani kuangalia karoti. Kwa hiyo betri tukazitazama tu zikiwa kwenye rafu, sisi tukaendelea kuanika zetu.

Na kipindi nacho kikaondoka. Jumapili moja tukafungua, saa ni ile ile, tukasikia nyimbo na mtu anasifu sabuni. Tukasubiri. Sabuni ikaisha, ikaja dawa ya meno. Bibi Hadija akanyanyua kigoda chake. "Wamemuua mzee wa watu," akasema. "Wamemuua kwa sabuni." Baba akazima redio, akasimama, akafunga kanga ya Mama kiunoni kama msuli, akafoka kwa Kiswahili cha pwani: "Nani kafa? Haiwezekani! Bi Hadija, keti!" Akaketi. Tangu siku hiyo kila Jumapili tulikuwa na kipindi chetu wenyewe, mimi na Baba, na majirani wakazidi kuliko wa zamani.

Kikohozi alikuwa nacho siku zote. Sote tulikizoea, ilikuwa sauti yake ya kurudi nyumbani, unakisikia kule chini njiani unaweka maji ya kunawa. Baada ya kiwanda badala ya kupungua kikazidi. Akakonda. Mama akampeleka hospitali, akalazwa, nikabaki na Bibi Hadija. Kisha nikasikia watu wazima wanaambiana, "Wamemrudisha nyumbani." Walisema kwa sauti ya chini, wakitikisa kichwa, nami sikuelewa kwa nini wasifurahi. Mtu huenda hospitali akiwa mgonjwa, akipona anarudishwa. Nilirukaruka uani. Nikachuma maua nikayapachika mlangoni, Bibi Hadija akanitazama tu hakunikataza.

Aliporudi nilimshika mkono, nikaona una ubaridi. Mablanketi yote ya nyumba yalikuwa juu yake, na bado mkono wake ulikuwa wa baridi. Akaniambia "Hujambo, Tunu?" Ile sauti! Ilikuwa inapungua, inatoka mbali, kama Tunu wa redioni akiongea kisimani. Hapo nikajua ana nini. Sikuogopa hata kidogo. Madaktari wote wale hawakujua, lakini mimi niliijua sauti hiyo tangu zamani, na dawa yake niliijua.

Kesho yake nilipotoka shule nilitandika mkeka juu ya jiwe la betri. "Baba, njoo nikuanike."

Mama alifungua kinywa kunikemea. Baba akamwahi. "Mwache," akasema. "Fundi wangu huyu." Mama akamshika upande mmoja, mimi upande wa pili, tukamtoa nje polepole, tukamlaza pale karibu na mti wa plamu. Nilimgeuza kama betri. Upande huu kwanza, kisha upande ule.

"Nimeiva?" akauliza.

"Bado. Tulia."

Baadaye niliweka shavu langu juu ya shavu lake. Lilikuwa na joto. "Tayari!" nikapiga kelele, na Baba, nawaambieni ukweli mtupu, akainuka akakaa, akamwambia Mama kwa Kiswahili cha pwani, "Mke wangu, uji wangu wa ndani umeamka, sasa lete uji wa nje!" Akanywa nusu kikombe. Alikuwa hajanywa kitu tangu asubuhi. Mama akaingia ndani haraka nikamsikia anapenga kamasi.

Sasa mnitafutie mtoto ambaye asingeamini. Kila siku yenye jua nilimtoa, na kila siku akishapata joto sauti ilirudi kidogo, kwa maneno mawili matatu ya Mzee Haiwezekani. Majirani waliopita njiani walisalimia kwa mbali, "Unaendeleaje?" naye akajibu, "Naanikwa!" Wakacheka. Wengine walicheka huku wanageuza uso. Mimi nilidhani wanaona haya kwa sababu hawakuwa na wazo hilo wao.

Siku moja nikiwa nachota maji ya kumnawisha nilimsikia Mama anamwambia kwa sauti ya chini, "Utamwambia lini? Mimi sitaweza." Nilipofika na bakuli Baba akanivuta nikae kando yake juu ya mkeka. Jua lilikuwa limeanza kwenda nyuma ya msitu na ukungu ulishajitokeza kule juu, maana majira ya baridi yalikuwa yanakaribia.

Akaongea kwa Kishambaa. Hapo nikajua hatuchezi.

"Unakumbuka kile kipindi cha betri? Redio ilipokufa?"

"Nakumbuka. Chochote kilichochoka ukianike, kitaamka."

"Huo mwisho niliutunga mimi, mwanangu. Mimi mwenyewe. Tunu wa redioni hakutaka kusema hivyo." Akapumzika kidogo, anavuta pumzi. "Alitaka kusema kwamba jua haliongezi kitu kipya ndani ya betri. Linakitoa kile kilichobaki tu. Unakianika leo, kinatoa. Unakianika kesho, kinatoa. Kikiisha, kimeisha. Siyo kosa la aliyeanika."

Nilimtazama. Nikasimama juu ya lile jiwe, nikaweka mikono kiunoni, nikajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya mzee:

"Haiwezekani!"

Baba akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikamshika mgongo mpaka kikatulia. "Kumbe leo mzee ni wewe," akasema, macho yamejaa maji. "Haya, mzee. Nimekubana, huna pa kutokea. Sema basi lile neno lako."

Nikatikisa kichwa.

"Sema. Nimekubali."

"Sisemi."

"Hata kwa leo tu?"

"Hata kwa leo tu!"

Akaninyooshea mkono nikaushika. "Haya, Tunu," akasema. "Haya." Hakuniambia tena habari hiyo.

Ukungu ukashuka. Wa kwetu mnaujua ukungu wa majira yale, unaingia mpaka ndani ya kabati, nguo hazikauki, unasikia majani yanadondosha maji mchana kutwa na humwoni hata mbuzi wako mwenyewe. Jua likagoma. Niliamka kabla ya watu nikasimama mlangoni, nikatazama kule ambako jua hutokea, nikaona weupe mtupu. Shuleni nilikaa natazama dirisha mpaka nikachapwa. Kanisani wengine waliomba mambo yao, mimi niliomba jua, nikataja na mahali lilipotakiwa liangukie, pale kwenye jiwe. Mama alimhamishia Baba jikoni, karibu na moto wa kuni. Niligomba. Nilimwambia moto wa kuni siyo jua, Baba mwenyewe alikuwa anawadharau wanaotia betri kwenye majivu. Mama alinitazama kwa uchovu, akaongeza kuni.

Sauti yake ikapungua zaidi. Mwisho alikuwa anatikisa midomo tu, nami naweka sikio, na hata hapo nilijua anasema nini, kwa sababu alijaribu kufanya ule uso wa mzee aliyekanyagwa kidole. Nilimwambia, "Vumilia, Baba, jua linakuja. Litakuja tu." Nilikuwa namaanisha. Nilimpenda mtu yule kuliko kitu chochote, na kilichokosekana kilikuwa ni jua, kitu cha bure ambacho Mungu anawapa hata mijusi.

Alikufa asubuhi. Mama alitoka jikoni ameshika birika la chai, akasimama uani katika ukungu, birika liko mkononi, hakuliweka chini mpaka Bibi Hadija alipokuja kumpokonya.

Na siku ya maziko, jua likawaka.

Sijui niwaambieje. Niliamka nikaona mwanga umeingia chini ya mlango. Nikatoka nje mbio. Ukungu mweupe pe umeondoka, anga ni buluu mpaka unaumia macho, jiwe la betri linatoa mvuke. Nikapita katikati ya waombolezaji nikipiga kelele, "Jua! Jua limetoka!" Wanawake wakadhani nimechanganyikiwa, wakanikamata wakanikalisha, nikawaponyoka. Nilikuwa na furaha, ninyi! Siku ile ya maziko ya baba yangu mimi nilikuwa na furaha.

Wenzake wa kiwandani ndio waliotengeneza jeneza, kwa mbao za mkulo, zile zenye harufu kali inayopanda puani. Wakalitoa uani kwa ajili ya ibada. Lakini baba mdogo Yona, mdogo wake Baba, alikuwa ameshafunga turubai kwa heshima, ili marehemu asipigwe na jua. Jeneza likawekwa chini yake, kivulini kabisa. Nilipoona hivyo nikamrukia, nikamshika koti.

"Baba mdogo, mtoeni kivulini!"

"Nyamaza, mwanangu."

"Mtoeni! Jua lenyewe hilo hapo, mnamweka kivulini kwa nini? Mtoeni apate moto!"

Kwaya ikasita. Mchungaji akafunga kitabu chake juu ya kidole. Baba mdogo Yona akatazama watu kwa aibu, akasema, "Jamani, mtoto huyu mtu amchukue." Mikono ikanijia kutoka kila upande. Ndipo Mama, aliyekuwa amekaa chini na wanawake, kanga kichwani, akasimama.

"Yona. Lihamisheni jeneza."

"Shemeji, mchungaji anasubiri."

"Liwekeni pale kwenye jiwe. Juani."

"Watu watasema nini, shemeji?"

"Waache waseme," Mama akasema. "Mtoto anataka kumwanika baba yake. Mpisheni amwanike."

Hakuna aliyebisha. Wale wenzake wa kiwandani waliinua jeneza wakalitoa chini ya turubai, wakaliweka juu ya jiwe, jua likaanguka lote juu ya mbao. Kwaya ikaanza wimbo, na kwa kuwa hakuna aliyejua jambo lile linachukua muda gani, walipomaliza beti wakaanza tena mwanzo. Mchungaji akasimama na kitabu chake anasubiri. Bibi Hadija, aliyekaa na akina mama wenzake wa Kiislamu kando ya ua, akajifunika uso akalia kwa sauti.

Nilijua kusubiri. Nilifundishwa na bingwa. Nilipoona inatosha nikapiga magoti, nikaweka shavu langu juu ya ubao, nikafumba macho. Ulikuwa na joto. Ulikuwa na joto sawasawa na la shavu langu.

"Tayari!" nikapiga kelele.

Kwaya ikanyamaza. Hakuna aliyekuja mbio.

"Mama, tayari! Ameshapata moto! Tayari!"

Mama akaja. Akapiga magoti upande wa pili wa jeneza, akaweka shavu lake na yeye juu ya ubao, tukatazamana hivyo, nyuso zetu zimelala. "Kweli," akasema. "Ameshapata moto. Umefanya vizuri, mwanangu." Kisha akanyanyuka, akanishika mkono kwa nguvu, akawapa wanaume ishara kwa kichwa. Wakanyanyua. Nilidhani wanakwenda kumfungulia mahali penye nafasi. Nikawafuata mpaka nyuma ya shamba la karoti nikiwa nimejiandaa kucheka, nimeshaliweka neno la kwanza mdomoni la kumwambia, mpaka nikasikia udongo unagonga juu ya ule ubao. Nakumbuka mkono wa Mama ulivyonibana, na nakumbuka nilipiga kelele moja tu, ile ile ya redioni, Haiwezekani, na safari hiyo hakuna aliyecheka.

Sekondari mwalimu wa kemia alitufundisha betri. Alichora ubaoni kile kitu kama uji, akaeleza kwa nini ikipata joto inaonekana imefufuka, na kwa nini haikufufuka. Alieleza vizuri, maneno yale yale ya Baba. Nilinakili mchoro, nikajibu swali la mtihani, nikapata vema. Lakini kujibu mtihani siyo kukubali. Mzee Haiwezekani angewaambia hivyo, na angekuwa sahihi.

Binti yangu amerudi sasa hivi na betri zake mpya. Ametia kwenye rimoti, televisheni imewaka, ameniangalia kwa jicho la wasiwasi. "Zile za zamani nitupe?" ameuliza. Nimemwambia aziache hapo dirishani. Ameniuliza tena nilikuwa napima nini, na safari hii nimemwita akae, nimemsimulia yote kama nilivyowasimulia ninyi, na nilipofika kwenye turubai akanishika mkono. Jua limeshaondoka dirishani wakati tunaongea. Nimekichukua kile kibetri kimoja nikakiweka shavuni, kimeshapoa.

Nimekubali, Tate. Lakini leo tu.